Kuunda Messerschmitt Bf 109 G-6 kwa kipimo cha 1/48: kazi ya gundi kabla ya kazi ya rangi

Messerschmitt Bf 109 G-6, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, iliingia vitani mwaka 1943, na hakuna toleo jingine la 109 lililotengenezwa kwa wingi kama hili: zaidi ya ndege 12,000. Kwa kipimo cha 1/48, kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni sentimita 20.7 tu. Kosa la nusu milimita hapo ni sawa na milimita 24 kwenye ndege halisi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba modeli hii ya plastiki huharibikia kwenye gundi kabla haijafika kwenye rangi. Rangi mbaya hufutwa ikapigwa upya. Mguu uliokaukia upande haurudi kirahisi.

Miguu ndiyo sura ya 109. Kwenye ndege halisi imefungwa kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa, hivyo mafundi waliweza kuyang'oa mabawa na ndege ikabaki imesimama. Kwa sababu hiyo, ukiitazama kwa mbele, miguu inatanuka kuelekea chini. Ukiitazama kwa ubavuni, inatangulia mbele kidogo. Pembe hizo mbili zikikosewa, hata rangi iwe safi kiasi gani, jicho litakataa. Jaribu miguu kwenye matundu yake kabla hujafunga mabawa, maana wakati huo bado unaweza kulichonga tundu au kuliongezea kipande chembamba cha plastiki. Kata kadibodi kwa kufuata mchoro wa mbele wa ndege, iwe kipimo chako. Siku ya kubandika, tumia gundi nzito ya plastiki inayokupa dakika kadhaa za kurekebisha. Supagluu hushika papo hapo, na kiungo chake hukatika modeli ikigongwa kidogo. Tairi za G-6 ni za milimita 660 kwa 160, kubwa kuliko za toleo la awali la G-2, na ndizo zilizoleta vile vinundu juu ya mabawa. Zikwangue kwa msasa kidogo pale zinapogusa ardhi, zionekane zimebeba uzito.

Chumba cha rubani hakichukui muda mrefu: kuta na sakafu ni RLM 66 (RLM ni namba za rangi za wizara ya anga ya Ujerumani ya wakati huo), kijivu kinachokaribia weusi, na ubavuni kulia unapita mrija wa mafuta wa rangi ya njano wenye sehemu ya kioo. Hatari iko kwenye unene. Gundi ya majimaji huunganisha kwa kuyeyusha plastiki, kwa hiyo rangi iliyobaki kwenye kingo huizuia kushika na pia huongeza unene, kisha nusu mbili za kiwiliwili hazikutani na mabawa yanaacha mwanya. Kwangua kingo zote kwa kisu mpaka plastiki ionekane. Na kabla ya kufunga chochote, amua kama ndege yako itabeba tangi la lita 300 tumboni au mizinga ya ziada chini ya mabawa. Matundu yake hutobolewa kwa ndani, na mabawa yakishafungwa, kuyapata mahali sahihi ni taabu.

Mshono wa mgongoni unahitaji maelezo, maana wengi huufuta kabisa. Kiwiliwili cha 109, nyuma ya chumba cha rubani, kilijengwa kweli kwa nusu mbili zilizounganishwa juu na chini. Mstari mwembamba hapo ni sahihi. Kinachotakiwa ni kuondoa kingo zilizopishana na vishimo, kisha kuuchora upya kwa sindano ukiongozwa na utepe mgumu. Kingo za mbele za mabawa na koni ya propela ni habari nyingine: hizo ziwe laini bila alama yoyote. Kwa kujazia napendelea vipande vya fremu ya seti yenyewe, yaani vijiti vinavyoshikilia sehemu za modeli, vilivyoyeyushwa kwenye gundi ya majimaji usiku kucha. Ugumu wake unalingana na plastiki, hivyo sindano haimong'onyoi mstari kama inavyofanya kwenye puti ya kawaida. Iache saa 24 kabla ya msasa. Ukiiwahi, itazidi kunywea baadaye na mfereji utarudi chini ya rangi.

Slati, yaani vipande vya ukingo wa mbele wa mabawa vinavyochomoza, zilitoka zenyewe bila rubani kuzigusa, na kwenye picha za ndege zilizoegeshwa mara nyingi zimechomoza. Ukizibandika zimefungwa si kosa. Kuzibandika moja nje na moja ndani kunataka ushahidi wa picha.

Sasa rangi. Anza na RLM 76, samawati hafifu, tumboni na ubavuni. Juu ya ndege ifuate RLM 75, kijivu cha kati, mwisho RLM 74, kijivu kilichokoza zaidi. Kwa watumiaji wa rangi za Gunze ni H417, H69 na H68. Mashimo ya magurudumu ni RLM 02, yaani H70, na majani ya propela ni RLM 70, yaani H65. Madoa ya ubavuni ndiyo yanayowatoa watu jasho. Changanya sehemu 1 ya rangi na 2 au 3 za tina, shusha mgandamizo wa kompresa hadi karibu bar 0.8, tumia brashi ya hewa yenye mdomo wa milimita 0.2, na sogea hadi sentimita 1 au 1.5 kutoka kwenye plastiki. Rangi ikikimbia na kuota miguu ya buibui, ama ni nyepesi mno ama hewa ni nyingi. Ikitema chembechembe, ni nzito au imekaukia kwenye ncha ya sindano. Ipanguse kwa brashi yenye tina kila baada ya dakika chache. Jaribu kwanza kwenye plastiki chakavu. Madoa yakizidi ukali, pitisha juu yake ukungu mwembamba wa RLM 76.

Kwa walioko Mombasa, Dar es Salaam au Unguja: tina ya laka ikikauka hupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewa unatua hapo, na vanishi inageuka nyeupe kama maziwa. Puliza siku isiyo na mvua, au tumia tina inayokauka polepole.

Stika za maji zinahitaji vanishi inayong'aa chini yake, kwa sababu uso usiong'aa wenye vinyweleo hunasa hewa na stika hung'aa kama fedha. Linganisha pia mistari ya utambulisho: mkanda wa njano kiwiliwilini ni wa ndege za upande wa Urusi, mweupe ni wa Mediterania. Mifereji ya maungio ya mabati ipitishie rangi ya mafuta ya kijivu chenye ukahawia. Nyeusi juu ya RLM 76 huifanya ndege ionekane imechorwa kwa kalamu. Moshi wa ekzosi uelekee nyuma juu ya mizizi ya mabawa, pale yanapoungana na kiwiliwili.

Kifuniko cha vioo hufungukia kulia. Fremu yake ipigwe RLM 66 kwanza, kisha rangi ya nje, ili kwa ndani ionekane rangi ya chumba. Kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao; mvuke wa supagluu hutia vioo ukungu usiotoka. Mrija wa kupimia mwendo chini ya bawa la kushoto na waya wa redio viwe vya mwisho kabisa, maana ndivyo mkono huvunja kwanza.