Kabla hujagusa kitambaa: viti vya sebule ya boti kwa bei unayoimudu

Juzi niliitwa kutazama viti vya boti moja ya matanga iliyotia nanga katika hori ya Kilifi. Wenyewe, mke na mume, wanaishi humo mwaka mzima, na walichokilalamikia ni harufu. Kwa macho viti vilikuwa vipya: kitambaa cha buluu, kingo zimezungushiwa ukanda mweupe, sponji bado imesimama. Nikanyanyua kiti cha upande wa kushoto, nikakigeuza. Kitambaa cha chini kilikuwa kimetapakaa madoa meusi ya ukungu. Kwenye ubao, mahali kiti kilipolalia, umbo lake lote lilikuwa limejichora kwa unyevu, hata mstari wa zipu ulionekana. Nikaubonyeza ubao kwa kidole gumba, ukabonyea kidogo. Viti vile vilikuwa na miezi minane tu.

Niliwaelewa, kwa sababu kazi yangu ya kwanza ya botini niliiharibu vivyo hivyo. Nililaza sponji ya bei ghali juu ya plaiwudi tupu, nikalipwa, nikaenda zangu. Kusi ilipokwisha mwenye chombo akanirudishia viti vyote sita vimeoza upande wa chini. Nilivishona upya bila kudai senti, na tangu hapo, kuanzia Mtwapa hadi Lamu, karibu kila kiti kibovu cha boti nilichokifungua nimekikuta kimeharibikia chini. Watu huja kwangu na picha za vitambaa kwenye simu. Huwaomba simu irudi mfukoni kwanza, tuanze na sanduku la kiti, lile la mbao ambalo kiti hulalia, tuje kwenye hewa, kisha sponji. Kitambaa ni cha mwisho, na pesa nayo ifuate mpangilio huohuo.

Ngoja nieleze kinachotokea. Mtu akikaa au akilala, joto na jasho lake hupenya kwenye sponji na kushuka. Huko chini kuna ubao uliopoa kwa sababu umekaribiana na maji, basi mvuke ukiugusa hugeuka maji, na maji hayo hayana pa kutokea. Ongeza chumvi. Anayeishi Pwani ameona chumvi ya jikoni inavyorojeka kibatini wakati wa masika: chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kiti kilichorushiwa maji ya bahari mara moja, kikaanikwa juani bila kusuuzwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kitaonekana kikavu mchana na usiku kitakuwa chepechepe tena. Unaweza kukianika mwezi mzima. Chumvi ikiwa ndani, unyevu utarudi.

Dawa yake si ghali. Badala ya ubao mzima, weka chaga kama za kitanda: mbao za upana wa sentimita 5, na nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya moja na nyingine. Kama sanduku lina plaiwudi tayari na hutaki kuing'oa, itoboe matundu ya kipenyo cha sentimita 3, kila baada ya sentimita 10, kisha upitishe vanishi ndani ya kila tundu, maana plaiwudi hunywa maji kwenye kingo zake. Toboa na ubao wa mbele wa sanduku pia, chini na juu, hewa iingie huku itokee kule. Watu wengi husahau hapo, wakapata sanduku lenye chaga nzuri na hewa iliyofungiwa.

Juu ya chaga natandika mkeka mzito wa usumba, unene wa sentimita 1 hadi 2. Usumba ni nyuzi zilezile za makumbi ya nazi ambazo wazee walisokotea kamba na kushonea mbao za mitepe, vyombo vya matanga vya zamani. Maji ya chumvi hayauozeshi haraka, na nyuzi zake hazilali zikashikana, kwa hiyo sponji inabaki imenyanyuliwa kidogo na hewa inapita chini yake. Kuna matandiko ya plastiki kutoka nje yanayofanya kazi hiyohiyo, na ni mazuri, lakini sijaona sababu ya kuyaagiza ng'ambo wakati makumbi yamejaa nyuma ya nyumba.

Sasa vipimo. Boti nyingi zina sebule ndogo kuliko chumba cha mtoto, na kiti kimoja kina kazi tatu: mchana ni kochi, usiku ni kitanda, na ndani yake ni stoo. Ndiyo maana makochi ya dukani hayafai. Kwanza hayapiti kwenye mlango wa kushukia. Hata yakipita, ndani yake kuna mbao za unga wa msumeno ulioshikizwa kwa gundi, ambazo hufura zikipata unyevu, na pini za chuma cha kawaida ambazo kutu huzimaliza.

Pima watu watakaokaa, usipime boti peke yake. Kutoka sakafuni hadi juu ya kiti, mtu akiwa amekikalia, iwe sentimita 40 hadi 45. Kina, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo unapoegemea, kiwe 46 hadi 52. Kikizidi hapo, mtu mfupi miguu inaning'inia na ukingo unambana nyuma ya magoti. Kikipungua, mapaja hayapati pa kutulia na mtu anakaa kama anasubiri kuitwa. Juu ya kiti, hadi kwenye dari au chini ya kabati la pembeni, acha angalau sentimita 90, la sivyo wageni wako watakula wameinama.

Hapa ndipo ninapopenda kuokoa pesa za watu. Sponji ya kukatiwa kwa vipimo ni ghali, na vipande vinavyobaki dukani umevilipia wewe. Nunua godoro. La futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, ukilipasua katikati kwa urefu linakupa vipande viwili vya futi 2 kwa 6, yaani sentimita 61 kwa 183. Hivyo ni viti viwili, cha kushoto na cha kulia, bila kutupa hata kipande. Sentimita 61 ni nyingi mno kwa kukaa, lakini ukiweka mto wa mgongo ulio mnene chini, kina kinarudi kwenye 47 hivi. Usiku unauondoa mto, na una kitanda cha kumtosha mtu mzima. Chombo kikiwa safarini na bahari imechafuka, kitanda chembamba kama hicho ni bora kuliko kipana, kwa sababu mwili haubingiriki. Anayesafiri usiku afungie ukanda wa turubai chini ya godoro, aupandishe kwa kamba mbili hadi kwenye dari, alale ndani yake kama mtoto aliyebebwa.

Mito ya mgongoni nayo ina hesabu yake. Kuta za boti nyingi zimesimama wima, na mgongo wa mtu unataka kulala nyuma kidogo. Kwa hiyo mto uwe mnene chini na mwembamba juu: sentimita 14 chini, 6 juu, kwa kimo cha 40. Chukua sponji ya inchi 8, ambayo ni sentimita 20, uikate mshazari kuanzia 14 upande mmoja hadi 6 upande wa pili. Vipande viwili vinavyotoka vinalingana, na tena hakuna kilichotupwa. Tumia kisu kirefu cha mkate kilichonolewa upya, uvute taratibu bila kukandamiza. Ukikandamiza, sponji inakimbia na ukingo unatoka na mawimbi.

Kuhusu ubora wa sponji, lebo usizitegemee peke yake. Maneno yanayoandikwa hayana maana moja kwa kila kiwanda. Mimi huenda na mzani. Godoro la futi 4 kwa 6 la inchi 6 lina ujazo wa mita 1.22 mara 1.83 mara 0.15, karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Livue kava, ulipime. Likifika kilo 10, lina kama kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, na kiti chake kitakaa miaka. Likiwa na kilo 6, liache hapohapo hata kama linabonyea vizuri mkononi, kwa sababu baada ya msimu mmoja utakuwa umekaa juu ya chaga. Uzito peke yake haukuambii ugumu, kwa hiyo ukishaupata, piga goti juu yake kwa uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, hilo ni laini mno. Mnyonge wa mgongo anaweza kupata raha zaidi kwa tabaka mbili: sentimita 10 ngumu chini, 5 laini juu.

Wazee watakwambia uweke usufi. Usufi naupenda. Ni mwepesi, hauingizi maji upesi, na zamani ulijazwa kwenye majaketi ya kujiokolea kwa sababu unaelea. Kwa mito ya kuegemea sijaona kinachoushinda. Kwa kukalia haufai: unashindiliwa ukawa bapa, na kila baada ya muda inabidi uufungue uuchambue upya.

Na matakia ya sakafuni, yale ya majahazi ya wageni kule Lamu? Ni mazuri kwa jioni moja, kikoi kiunoni na upepo wa kaskazi. Kwa maisha ya kila siku, kuinuka kutoka sakafuni mara thelathini kwa siku chombo kikiyumba kunachosha magoti ya kijana, sembuse ya mzee. Viti vya kukunja vya turubai navyo ni vya horini tu. Bahari ikianza kucheza, vinatembea sebuleni vyenyewe.

Kitambaa sasa. Ngozi bandia huwavutia wengi kwa sababu inafutika, lakini ndani ya boti, kwenye joto letu, inang'ang'ania mapajani na inafungia jasho. Ipeleke nje kwa msukani. Ndani tumia kitambaa kinachopumua, na upande wa chini wa kava shona kitambaa cha wavu. Zipu iwe ya plastiki, uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba huoza. Pini na skurubu zote ziwe za chuma cha pua. Kava litoke, lifuliwe kwa maji baridi. Kama bajeti imekaza, vika sponji kava la kitambaa cheupe cha bei nafuu, utandike vikoi juu, jozi mbili za kubadilishana. Vinafuliwa vikakauka kabla ya adhuhuri, na sijapata kumwona mgeni aliyeviona vibaya.

Kuna mambo mawili ambayo siyaachi mtu ayapuuze. Sponji hushika moto haraka na moshi wake una sumu inayoua kabla ya mwali kufika, kwa hiyo jiko na kiti visipakane, na kizimamoto kiwe mahali mtu anapokifikia bila kupita jikoni. La pili, mtungi wa gesi usihifadhiwe ndani ya sanduku la kiti hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa humo kimya, na cheche ya pampu ya maji inatosha kuilipua. Mtungi una pahala pake nje, kwenye sanduku lenye tundu la kutolea gesi baharini.

Kabla ya kupigilia chochote, jaribuni kukaa. Mwaka jana nilikuwa na nahodha mmoja mstaafu aliyetaka sebule ya jahazi lake iwe na viti vya sentimita 48, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa nyumbani kwake. Nilipofika nilimpangia makreti ya soda, ubao juu yake na sponji isiyo na kava.

"Shikamoo babu. Kula chakula chako cha mchana hapa, mimi nikutazame."

"Marahaba mwanangu. Na nikishiba nikalala?"

"Lala. Ndilo ninalotaka kuona."

Akala wali wake kwa samaki, akanywa chai, akazungumza. Kufika chai alikuwa ameshasogea mbele mara nne, akitafuta sakafu kwa vidole vya miguu. Nikatoa ubao, nikapunguza sentimita 5, akakaa tena. Safari hii hakusogea, na baada ya muda kidevu kikamwangukia kifuani. Nikaandika kipimo hicho kwenye daftari, nikashuka kwenye ngalawa kimya kimya.

Wale wa Kilifi walidhani nitawaambia wanunue kila kitu upya. Sponji yao niliipima, ilikuwa nzito ya kutosha, basi tuliikamua mara tatu kwa maji baridi, tukaianika kivulini penye upepo. Ubao uliooza tumeutoa na chaga zimeshapigwa. Jumatatu narudi na mkeka wa usumba na pande mbili za kitambaa cha wavu za kushonea chini. Kitambaa cha buluu kinabaki kilekile.