Mbu mzee ndiye wa kuogopa: maswali na majibu kuhusu hesabu za malaria

Watafiti wanakuja kwetu Muheza, Tanga, wanakamata mbu, wanaandika namba, wanaondoka. Hesabu zinaponyaje malaria?

Haziponyi, ila zinaonyesha pa kupiga. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyeviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897, baadaye alikaa na kalamu akaonyesha kwamba si lazima uue mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe. Miaka ya 1950 George Macdonald, mtafiti wa malaria, akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: umri wa mbu.

Umri wa mbu unanihusu nini mimi?

Mbu jike akimnyonya mgonjwa leo, hawezi kukuambukiza kesho. Vimelea lazima vikomae kwanza ndani yake, na joto likiwa nyuzi 25 vinahitaji siku kama 12. Kwa mbu hizo ni siku nyingi, wengi hawazifikishi.

Chukua mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea usiku mmoja. Ikiwa kila siku hufa mmoja katika kila kumi, siku ya 12 wamebaki 28. Wakifa wawili katika kila kumi, wanabaki 7. Vifo vya kila siku vimeongezeka mara mbili tu, lakini mbu wa hatari wamepungua mara nne! Ukiua nusu ya viluwiluwi dimbwini, mbu wa hatari nao hupungua nusu, basi. (Sisemi muache kufukia madimbwi.)

Ndiyo maana watu wa Amani, kule juu milimani, hawaugui kama sisi wa bondeni?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kule ni baridi zaidi, na kwenye nyuzi 20 vimelea huchukua karibu siku 28 kukomaa. Rudia hesabu ile ile, afe mmoja katika kila kumi: kati ya mbu 100 wanabaki 5. Lakini baridi ya mlimani ina deni lake. Mtoto aliyekulia huko hana kinga aliyonayo mwenzake wa bondeni, na akishuka Muheza msimu wa machungwa anaweza kuumwa vibaya sana.

Chandarua changu kimetoboka. Nikizungushie mchicha, kuku wasiingie?

Hapana, bibi. Kishone. Dawa iliyomo humuua mbu anayetua, hata kama tundu lipo, na mbu huyo hafiki uzeeni kwenda kumuuma jirani. Nyumba nyingi zikitumia, hata asiye nacho anapata nafuu. Ukikifua, kianike kivulini. Jua kali huharibu dawa. Kweli, kuna mbu waliokwisha kuizoea dawa ya zamani, na ndiyo sababu vyandarua vipya vingi vina dawa mbili.

Mbona Pemba na Unguja wanahangaika na wasafiri?

Kwa sababu huko malaria imeshuka sana, kwa hiyo vimelea vinavyovuka bahari na abiria wa kutoka bara vina uzito mkubwa katika hesabu yao. Watafiti waliwahi kutumia kumbukumbu za simu za mkononi, bila majina, kukadiria safari hizo.

Mwanangu alipimwa Jumatatu, hana kitu. Alhamisi ana malaria. Kipimo kibovu?

Pole, mama. Si lazima kiwe kibovu. Vimelea hujificha kwenye ini kwa kama wiki moja, halafu huingia kwenye damu na kuzaana kila baada ya saa 48. Vikiongezeka mara kumi kila mzunguko, vilivyokuwa 1,000 vinakuwa 100,000 kwa siku nne. Jumatatu huenda vilikuwa vichache mno kuonekana. Kwa hiyo homa ikiendelea, mrudishe zahanati apimwe tena, wala usimpe dawa mseto zilizobaki kwa kaka yake. Akipata degedege, akitapika kila kitu, au akilegea hata kunyonya hawezi, usingoje kupambazuke. Ita bodaboda usiku huo huo.