Kamba wa kula aiptasia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Aiptasia ni anemoni, wanyama wa baharini wenye minyiri inayochoma, wanaozaana ovyo kwenye miamba ya tangi la maji ya chumvi; wafugaji huweka kamba ili wawale.

"Kamba yeyote mwekundu atawamaliza." Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza matumbawe yao. Anayetakiwa ni kamba-pepaminti wa jenasi ya Lysmata: mwili wake unapenya mwanga, na mistari yake myembamba myekundu hufuata urefu wa mwili. Mara nyingi huuziwa mtu kamba-ngamia, Rhynchocinetes durbanensis, mwenye macho makubwa, kibyongo na mistari meupe iliyokolea kati ya mekundu. Huyo hudonoa matumbawe laini na zoanthidi (jamaa wa matumbawe wanaokaa kwa makundi), huku aiptasia wakisimama palepale. Hata Lysmata amboinensis, kamba-msafishaji, ingawa ni wa jenasi hiyohiyo, riziki yake ni vimelea vya samaki. Mkague mnyama mwenyewe kabla ya kulipa. Jina lililobandikwa kwenye tangi halitoshi.

"Siku tatu zimepita na anemoni bado wapo, basi kamba hawa wabovu." Wape muda, jamani. Kamba hawa hutoka usiku, huanza na anemoni wadogo, na wakubwa wenye minyiri mirefu mara nyingi huwapita. Tena aliyeshiba chakula cha samaki hana sababu ya kuufuata mnyiri unaochoma. Punguza chakula, subiri wiki kadhaa, kisha chungulia usiku kwa tochi ya mwanga mwekundu. Wale wakubwa wadunge uji wa kalisi hidroksidi kwa sindano, wachache kwa siku, kwa sababu uji huo hupandisha pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali).

"Kuwakwangua ni haraka zaidi." Kipande kidogo cha unyayo kikibaki mwambani huota anemoni mzima. Nimeona mwamba mmoja uliokwanguliwa kwa nia njema ukageuka shamba la aiptasia.

"Watakula na majano pia." Kwa kawaida hawawagusi. Majano ni anemoni wa aina nyingine, mwenye minyiri mifupi yenye ncha zilizovimba. Mtambue mapema ili usimlaumu kamba bure.

"Kamba amekufa, ameelea!" Huenda ni gamba tu alilojivua, tupu na jepesi, mwenyewe amejificha mpaka jipya liwe gumu. Kinachomuua kweli ni dawa ya samaki yenye shaba, kumtumbukiza ghafla katika maji yenye chumvi tofauti, au kumweka pamoja na samaki anayekula kamba. Mzoeshe maji yako tone kwa tone, na samaki mgonjwa mtibu kwenye tangi lingine.