Visiwa vidogo vya Ugiriki: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tukisikia kisiwa cha Ugiriki kimetajwa, picha inayotujia ni ile ile: nyumba nyeupe pe zilizobanana juu ya jabali, kuba za buluu za makanisa, na bahari tulivu chini yake. Picha hiyo si ya uongo, ila ni ya Santorini na visiwa jirani vya Cyclades, ambako chokaa ilipakwa kutani kwa kuwa hurudisha mwanga wa jua kali na kuua vijidudu. Visiwa vya Ugiriki vinavyokaliwa na watu ni zaidi ya 200, na kuvipaka vyote rangi moja ni kuvinyima sura zao. Mjini Hydra, ambako magari hayaruhusiwi na mizigo hubebwa na nyumbu, majumba ya manahodha wa zamani ni ya mawe ya kijivu. Huko Symi, karibu na pwani ya Uturuki, mgeni anayeingia bandarini hulakiwa na nyumba za manjano iliyopauka, za rangi ya udongo na za buluu hafifu, zilizopandana mlimani, nyingi zikiwa na pembetatu chini ya paa mfano wa mahekalu ya kale.

Wapo pia wanaodhani kwamba visiwa vyote vilitawaliwa na Waturuki, kisha vikakombolewa kwa pamoja katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821. Corfu na majirani zake wa magharibi vilikuwa chini ya Venice hadi mwaka 1797, baadaye vikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na viliungana na Ugiriki mwaka 1864. Symi, Kalymnos na visiwa vingine vya Dodecanese vilichukuliwa na Italia mwaka 1912, navyo havikuwa rasmi sehemu ya Ugiriki hadi mwaka 1948. Hata dini si moja kama inavyosemwa, kwani katika kisiwa cha Syros, mji wa juu umekuwa wa Wakatoliki tangu enzi za Wavenice, ilhali mji wa bandari ulio chini yake ulijengwa na wakimbizi Waorthodoksi waliotoroka mauaji ya Chios na Psara wakati wa vita hivyo vya uhuru.

Neno "peponi" nalo litumiwe kwa uangalifu. Feri inayotoka Lavrio kwenda Kea hupita karibu na Makronisos, kisiwa kikavu ambako kuanzia mwaka 1947 serikali iliwafungia maelfu ya askari na raia walioshukiwa kuwa wakomunisti, na wengi wao waliteswa humo.

Dhana inayowadhulumu wenyeji kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba hawa walikuwa wavuvi maskini waliojitenga na dunia mpaka watalii walipowafikia. Nyumba za Symi zilijengwa kwa fedha za biashara ya bahari, na hasa ya sifongo, viumbe laini vya sakafu ya bahari ambavyo wazamiaji huvileta juu ili vitumiwe kuogea na kusafishia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya 20,000, wakati leo hawafiki hata 3,000, na mashua zake, pamoja na zile za Kalymnos, zilivuka bahari hadi pwani za Afrika Kaskazini. Ni wazamiaji wa Symi waliogundua mabaki ya jahazi la kale karibu na Antikythera mwaka 1900, ambamo kilitolewa kile chombo maarufu cha shaba chenye magurudumu ya meno, kilichotumika kukokotoa mwendo wa jua na mwezi.

Hapo awali mzamiaji alishuka uchi, akiwa ameshika jiwe bapa zito lililofungwa kamba, na kurudi juu kabla pumzi haijamwishia. Miaka ya 1860 likaja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na bomba la hewa, ambalo lilimwezesha kukaa kwenye kina kirefu kwa muda mrefu, na hapo ndipo msiba ulipoanza. Mtu akivutwa juu upesi, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake hugeuka mapovu, yakaziba mishipa na kuharibu uti wa mgongo. Vijana walioondoka wakiwa wazima walirudi wakitembelea fimbo, na wengine hawakurudi kabisa.

Kwa hiyo mgeni wa Kalymnos akiona ngoma iitwayo mihanikos, asidhani ni mchezo wa kuwachekesha watalii. Anayeongoza mstari hushika fimbo, magoti yakimtetemeka, mguu mmoja ukikataa kumtii, akiinuka na kulegea tena, huku wenzake wakiendelea na hatua zao taratibu bila kumwachia mkono.