Namba na alama za kamera ndogo ya dijitali, zina maana gani hasa

Shika kamera yako halafu igeuze lenzi ikutazame wewe. Kuzunguka ile pete ya lenzi kuna maandishi madogo madogo, kitu kama 5x, halafu 4.5-22.5mm, halafu 1:2.8-5.9. Watu wengi hawayasomi kabisa, macho yanakimbilia kile kibandiko cha megapikseli 20 kilichobandikwa mbele manake ndo kilichowafanya wanunue, lakini mi nakwambia habari za kweli za hiyo kamera ziko kwenye pete, sio kwenye kibandiko.

Tuanze na hicho kibandiko ili tumalizane nacho. Megapikseli moja ni nukta milioni moja, basi, hakuna uchawi. Picha ya nukta 5184 kwa upana na 3888 kwa urefu, zidisha, unapata milioni 20 na ushee. Sasa jiulize unazifanyia nini zote hizo. Ukisafisha picha ya inchi 6 kwa 4 kwa nukta 300 kila inchi unahitaji 1800 kwa 1200, yaani milioni mbili na kidogo tu, na hata karatasi nzima ya A4 haifiki milioni 9. Kamera ya kwanza ya dijitali aliyoitengeneza Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975 ilikuwa na nukta elfu 10 tu, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, kwa hiyo tumetoka mbali sana na kwenye hesabu ya nukta tulishashiba siku nyingi.

Kitu ambacho kibandiko hakisemi ni ukubwa wa sensa. Sio ile ya kuhesabu watu, hii ni kile kipande nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kwenye kamera nyingi ndogo utakuta imeandikwa 1/2.3, na usidanganyike kwamba hicho ni kipimo cha kipande chenyewe, hayo ni majina yaliyorithiwa kutoka kwenye mirija ya vioo ya kamera za televisheni za zamani. Kipimo halisi ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Angalia ukucha wa kidole chako kidogo, ndo hapo. Zile kamera ndogo za bei ya juu zenye sensa ya inchi 1 wanakupa 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne, na zile kubwa za kazi zenye 36 kwa 24 ni mara 30 hivi. Sasa chukua kile kieneo cha ukucha ukigawe viwanja milioni 20, si kila mtu anapata pa kuweka mguu mmoja tu? Kila nukta inaambulia mwanga kiduchu. Ndo maana kamera ndogo ina njaa ya mwanga kila wakati, na karibu kila kitu utakachokikuta kwenye menyu ni namna fulani ya kutafuta mwanga au kuupangia matumizi. Ukilishika hilo menyu haikutishi tena.

Turudi kwenye pete. Ile 4.5-22.5mm ni urefu wa lenzi kwa lugha ya wapiga picha, sio urefu wa mwili wake wa kupima kwa rula, ukiwa hujavuta zumu na ukiwa umevuta yote, na 5x ni 22.5 gawa kwa 4.5, hakuna kingine. Kwa hiyo 5x haikwambii kamera inaona mbali kiasi gani, inakwambia tu mwisho ni mara ngapi ya mwanzo. Kwa sensa ya ukucha unazidisha kwa 5.6 upate hesabu wanayoitumia wapiga picha, ile ya kamera kubwa za 36 kwa 24, hapo inakuwa kama 25 mpaka 126. Kamera nyingine nayo 5x lakini inaanzia 36 itafika 180, inavuta zaidi, ila ndani ya chumba kidogo utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta na watu wote hawajaenea.

Ile 1:2.8-5.9 sasa ndo tamu. Hiyo ni namba ya tundu la lenzi, na inaendeshwa kinyume, namba ndogo tundu kubwa, kwa sababu ni urefu wa lenzi ugawanywe kwa upana wa tundu. Namba mbili ziko pale kwa sababu ukivuta zumu lenzi inarefuka lakini tundu halipanuki kwa kasi hiyo hiyo, unaanza na 2.8 unamalizia na 5.9, na mwanga unaofika kwenye sensa unakuwa umepungua zaidi ya mara nne. Mara nne! Kwa kamera iliyokuwa na njaa tangu mwanzo. Ndo maana jioni ukisimama mbali ukavuta zumu mpaka mwisho picha inatoka imetikisika na imejaa chengachenga, na mtu anasema kamera imeharibika. Haijaharibika, sogea kwa miguu.

Na kuna zumu nyingine ambayo sio zumu, ile ya dijitali. Hiyo kamera inakata katikati ya picha halafu inaitanua, kazi ambayo ungeifanya mwenyewe baadaye kwenye kompyuta kwa utulivu. Ukivuta utaona kwenye skrini kale kamstari kana alama katikati, kabla ya alama ni lenzi inafanya kazi, baada ya alama ni mkasi. Ingia kwenye menyu uizime usahau.

Sasa shata. Shata ni muda ambao sensa inakaa inapokea mwanga, unaandikwa kwa vipande vya sekunde, 1/60, 1/250, 1/1000. Muda mrefu mwanga mwingi, ila chochote kitakachotikisika katika muda huo kitaonekana kimetikisika, iwe mkono wako au mtoto anayekimbia. Kwa mkono kuna kanuni ya zamani, usishuke chini ya moja gawa kwa ile namba ya zumu tuliyoizidisha, ukiwa kwenye 126 basi 1/125 au haraka zaidi. Kamera nyingi zina kitulizo cha mtikisiko ndani yake, na kinasaidia kweli, unaweza kushuka kidogo chini ya hapo, lakini elewa kinatuliza mkono wako wewe. Mtoto hakimtulizi. Mtoto anataka 1/250 na kuendelea, na akianza kukimbizana na wenzake mpe 1/500.

Baada ya tundu na shata, ya tatu ni ISO, jina la lile shirika la kimataifa la viwango, limebaki tangu enzi za filamu. Kwenye dijitali ISO haiongezi mwanga hata chembe, inakuza sauti ya mwanga mdogo uliopo, kama redio yenye mawimbi dhaifu, ukiongeza sauti unasikia mtangazaji na kelele pia. Zile kelele ndo chengachenga, vile vinukta vya rangi rangi kwenye sehemu za giza. Namba zinakwenda kwa kujizidisha mara mbili, 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Kwa sensa ya ukucha, 100 mpaka 400 uko salama, 800 inavumilika, 1600 kwenda juu kamera inaanza kufuta chengachenga kwa nguvu na inafuta na nyusi za watu humo humo, uso unakuwa kama umepakwa rangi ya maji. Mi nishawahi kupiga sherehe nzima ya mdogo wangu mchana kweupe, kamera iko ISO 3200 kwa sababu usiku wa jana yake nilikuwa nachezea kupiga mwezi nikasahau kuirudisha. Kwenye skrini ya nyuma zilionekana nzuri tu, skrini ile ndogo inaficha madhambi mengi, nilipozifungua kwenye kompyuta nikanyamaza. Siku hizi naiacha ISO ya otomatiki ila nimeiwekea kikomo 800, menyu nyingi zina hiyo sehemu ya kuweka mwisho.

Hizo tatu zinashikana, huwezi kugusa moja nyingine ikabaki ilivyo. Chukua chumba usiku, taa moja, kamera imekuchagulia tundu 2.8, shata 1/30, ISO 400. Picha ya mwanga sawa lakini mtoto anacheza kwa hiyo anatoka ukungu. Unataka 1/125, hapo umepunguza mwanga mara nne, tundu liko mwisho halifunguki zaidi, basi ISO lazima ipande mara nne mpaka 1600. Umepata mtoto aliyetulia na chengachenga juu. Au unawasha taa ya pili, au unamsogeza mtoto karibu na taa, au unamwambia simama kidogo. Hakuna setingi ya siri itakayokuokoa hapo.

Zile herufi za juu kwenye gurudumu ndo zinaamua nani anachagua. P kamera inachagua tundu na shata we unashika mengine, A au Av we unashika tundu, S au Tv unashika shata, M unashika vyote. Kamera nyingi za bei ya chini hazina A wala M, na sio ubahili tu, nyingine tundu lake halibadiliki hata kidogo, ndani kuna kioo cha giza kinachoshuka jua likizidi. Kwa hizo usijisumbue, kaa kwenye P.

Kitu ambacho kingeokoa picha nyingi kuliko menyu yote ni kitufe chenyewe cha kupigia. Kina hatua mbili. Bonyeza nusu, utahisi kama kinagota kidogo, hapo lenzi inakwenda mbele na nyuma inatafuta fokasi na kamera inapima mwanga, halafu kinatokea kiboksi cha kijani na mlio. Ndo umalizie kubonyeza, taratibu. Watu wanakandamiza mara moja kama kengele ya mlango, kamera inakurupuka, inachelewa, tendo limeshapita. Kiboksi kikiwa chekundu au cha njano maana yake haijapata, na mara nyingi ni kwa sababu umeielekeza kwenye kitu kisicho na mistari, ukuta mtupu, anga, nguo ya rangi moja, yenyewe inatafuta kingo za vitu na hapo hazipo. Elekeza kwenye kola au jicho la mtu aliye umbali ule ule, shikilia nusu, usiachie, halafu rudisha kamera upange picha unavyotaka, malizia.

Halafu kuna kitufe cha +/-, hicho nakipenda kuliko vyote. Kamera haijui inaangalia nini, inadhani kila kitu duniani kikichanganywa kinatoa kijivu cha wastani, kwa hiyo ukiipa ukuta mweupe inaupunguzia mwanga mpaka uwe kijivu, ukiipa suti nyeusi inaongeza mwanga mpaka nayo iwe kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inaona weupe mwingi, inabana mwanga, uso unapotea yanabaki meno. Weka +0.7 au +1, hiyo +1 ni mwanga mara mbili, dirisha litaungua kidogo, yaani litabaki weupe mtupu, na liungue, tulikuja kupiga mtu. Ila ukimaliza rudisha sifuri, nyingi hazijirudishi zenyewe.

Au washa flashi. Alama ya radi yenye A ni kamera iamue, radi tupu ni iwake kila mara, radi iliyokatwa ni isiwake kabisa. Ile radi tupu ndo ya kutumia mchana wa jua kali mtu akiwa kavaa kofia, inajaza kile kivuli cha machoni. Usiku nguvu yake inaishia mita 3 hivi, kwa hiyo wale wanaopiga jukwaa la mbali na flashi wanamulika visogo vya watu wa mbele tu. Macho mekundu yanatokea kwa sababu flashi iko karibu mno na lenzi, mwanga unaingia machoni unagonga nyuma penye damu unarudi moja kwa moja, na ile flashi inayopepesa kabla ya kupiga inajaribu kuifanya mboni isinyae.

WB, yaani white balance, ni ya kusawazisha rangi, usipoigusa otomatiki inatosha mara nyingi, ila kwenye taa za manjano picha ikitoka kama imemwagiwa chai chagua alama ya balbu. Alama ya ua ni ya vitu vya karibu sana, sentimita chache, ya mlima ni ya mbali, na ukisahau kulitoa ua kamera nyingine zinagoma kabisa kupata fokasi ya mbali. Tarehe iweke sawa siku ya kwanza, inaandikwa ndani ya kila faili.

Na kama umenunua kamera ya zamani, angalia kadi ya kumbukumbu, ile SD, kabla hujailaumu. SD za mwanzo ziliishia GB 2, SDHC inaishia 32, juu ya hapo ni SDXC, na kamera inayojua SDHC tu ukiitia kadi ya 64 mara nyingi itakwambia kadi mbovu hata kama ni mpya kabisa. Ikisema kadi imefungwa, itoe, ubavuni kushoto kuna kaswichi kadogo kameteleza chini, kasukume juu kwa ukucha, irudishe.