Kebo ya intaneti hadi chumba cha mbali: yanayosemwa na ukweli wake

"Kebo ikiwa ndefu, kasi hupungua."
Si kwa urefu wa nyumbani. Kebo isiyo na hitilafu ya Cat5e (daraja la kawaida la kebo ya mtandao) hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabiti 1000, hadi mita 100, na mwenye mita 80 hupata kasi ileile ya mwenye mita 5. Kutoka sebuleni hadi chumba cha uani, ukihesabu kupanda darini na kushuka ukutani, ni nadra kuzidi mita 40. Ukivuka 100, weka swichi (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao) katikati, kisha hesabu nyingine 100.

"Kebo ni kebo, chukua ya bei ndogo."
Hapa ndipo pesa hupotea. Kebo nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba, na huenda zikaandikwa CCA kwenye ganda au boksi. Kwarua waya kwa kisu: ndani kukiwa na rangi ya fedha, iache. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba. Ukipitishia humo umeme wa kamera, volti hushuka njiani na kamera hujizima usiku taa zake zinapowaka. Nunua shaba tupu, hata kama ni Cat5e badala ya Cat6, daraja la juu yake.

"Taa ya swichi imewaka, kazi imekwisha."
Taa haitoshi. Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) huhitaji nyaya nne tu kati ya nane za kebo, zile za pini (meno ya shaba ya plagi) 1, 2, 3 na 6. Gigabiti huhitaji zote nane. Waya wa pini 4, 5, 7 au 8 usipogusa vizuri, mara nyingi intaneti huja hivyohivyo, lakini unalipia Mbps 200 na kipimo kinagota kwenye 94 au 95. Wengi hulaumu kampuni ya intaneti, kumbe tatizo ni plagi. Angalia kasi ya muunganisho kwenye kompyuta: ikisoma 100 badala ya 1000, kata plagi upige nyingine. Mpangilio, kutoka pini ya 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifanane. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la kebo liingie ndani ya plagi ili libanwe. Lisipobanwa, kila mvuto huishia kwenye nyaya zenyewe.

"Ipite kwenye bomba la umeme, si lipo tayari?"
Hapana kabisa. Ganda la kebo hii halikutengenezwa kukaa na nyaya za volti 230. Waya wa umeme ukichubuka humo, umeme utafika kwenye ruta na mkononi mwako. Toboa njia yake, iwe mbali na umeme kwa sentimita 20 au zaidi, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba.

"Ya ndani hata nje inafaa."
Jua hulipasua ganda lake na maji huingia. Nje tumia kebo nyeusi ya nje. Chumba kikiwa jengo la peke yake lenye waya wake wa ardhi, afadhali faiba, kebo ya uzi wa kioo: kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga karibu haina njia ya shaba ya kuunganisha majengo mawili. Utahitaji vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vya kuunganisha faiba na kebo ya shaba. Vikiwa vya uzi mmoja wa faiba, kimoja kiwe A na kingine B. A kwa A havitaonana.