Kipupwe kimeingia Dodoma na mwili unadai chake: maswali yenu kuhusu kupumzika, usingizi na baridi

Mavuno yanaisha, upepo umeanza, asubuhi watu wanapita barabarani mikono imebanwa kwapani. Haya ndo maswali yanayoulizwa sana kipindi hiki. (Mi ni mhudumu wa afya tu, hilo la "dokta" mmenipa wenyewe.)

Dokta, nasikia Ulaya kuanzia Septemba majani yanadondoka na watu wanaambiwa wapunguze mwendo, wajitunze. Sisi huku inatuhusu nini?

Kwao giza linaanza kuingia mapema sana, na kuna watu wanashikwa na huzuni ya msimu kabisa kwa sababu ya kukosa mwanga. Hapa Dodoma siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote zinapishana dakika 40 hivi tu, jua tunalo. Ila sisi tuna Juni na Julai yetu. Mkulima ametoka shambani anavuna mtama na alizeti, mfanyakazi wa serikali ametoka kufunga mwaka wa fedha Juni 30, bungeni bajeti imekesha, na katikati ya uchovu wote huo baridi inaingia na vumbi linaanza. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza mwendo unatuhusu, sababu tu ndo nyingine.

Habari dokta, mi ni mama wa Chamwino. Tangu tumalize kuvuna mgongo unauma, mwili hauna nguvu, nikikaa kidogo naambiwa mvivu. Kweli mtu anapumzika mahindi yako nje?

Pole na mavuno mama. Unapumzika, ndiyo, na mahindi yanabaki salama, sikiliza. Misuli iliyoinama wiki na wiki haiponi kwa siku moja ya kulala chali, na ukilala siku nzima mgongo unakaza zaidi. Gawanya kazi: pura asubuhi, jua likikolea kaa kivulini kunyoosha miguu, jioni pepeta kidogo basi. Gunia asibebe mtu mmoja, na asibebe anayelalamika mgongo kila siku, hata kama ndo mwenye mahindi! Kula na mboga, mlenda upo, kunde zipo, sio ugali na chumvi kwa sababu umechoka kupika.

Halafu kuna hili watu hawaliunganishi na uchovu. Ukichoka sana ndo unaanika mahindi chini kwenye udongo, ndo unayafunga kwenye gunia hayajakauka, na hapo fangasi wanaingia na sumukuvu inatengenezeka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mkoani kwetu na Manyara, sio stori za kutishana. Kupika hakuiondoi. Anika kwenye turubai, chambua yaliyooza na yenye ukungu utupe, na usiwape kuku. Hiyo kazi inataka mtu aliyelala, kwa hiyo anayekuita mvivu mpe ungo akusaidie.

Niko ofisini Mtumba, narudi nyumbani saa moja usiku nimechoka kabisa lakini kitandani usingizi hauji mpaka saa saba. Nifanyeje?

Mtu mzima anatakiwa kupata angalau masaa 7 na wewe ukiamka saa kumi na moja kuwahi gari unapata manne, hiyo lazima ikulipize. Nikuulize, kahawa ya mwisho unakunywa saa ngapi? Wengi wanasema ya saa kumi jioni haina shida, kumbe kwa watu wengi kama nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini saa tatu usiku. Chai ya rangi nzito nayo imo, kwenye baridi hii tunazipiga tu bila kuhesabu. Simu nayo, unasema naangalia magrupu dakika tano halafu unashtukia saa sita, iache ichaji sebuleni. Bia mbili za kuleta usingizi zinakulaza haraka kweli ila baadaye usiku zinakuamsha.

Kitu ambacho mi nakiamini kuliko vyote hapo ni kuamka muda ule ule hata wikiendi, afu utoke nje upigwe na jua la asubuhi. Zunguka Nyerere Square au panda mtaani kwenu, nusu saa ya kutembea haraka mara tano kwa wiki inakupa zile dakika 150 zinazoshauriwa na wala hulipii jimu.

Usiku baridi kali na tuna mtoto mchanga. Tukiingiza jiko la mkaa chumbani tukafunga dirisha kuna shida?

Shida kubwa, tafadhali msiingize. Julai usiku hapa inashuka mpaka nyuzijoto 13 au 14 hivi na najua nyumba zetu hazina dari, lakini mkaa ukiwaka unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inakaa pale oksijeni ilipotakiwa kukaa. Mnalala, hamuamki. Na usidanganywe kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ni salama, hewa hiyo inaendelea kutoka hata ukifunikwa na majivu. Beseni la maji pembeni ya jiko halisaidii chochote, sijui nani alianzisha hilo.

Mkiamka kichwa kinagonga, kichefuchefu, kizunguzungu na nyumba nzima mnajisikia hivyo hivyo, tokeni nje kwanza halafu hospitali. Mtoto mvalishe soksi na kofia mkiwa macho, akilala mvalishe nguo mbili tatu za kumtosha, kofia mvue na blanketi zito lisimfike usoni.

Pua inatoka damu kila asubuhi, ngozi imekuwa kama ya mamba. Ni presha?

Mara nyingi ni ukavu na vumbi tu, ila kupima presha haidhuru, pima. Damu ikianza usiinue kichwa juu, inama mbele, bana ile sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma baada ya dakika 20, nenda kituo cha afya. Ngozi oga maji ya uvuguvugu, paka mafuta kabla mwili haujakauka vizuri. Na kunywa maji, baridi inaua kiu ila mwili bado unapoteza, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea umeshachelewa.

Nimevuna vizuri, sidaiwi, lakini sina raha. Sitaki kuona watu, chakula hakipandi, wiki ya tatu sasa. Nikienda hospitali si wataniambia niende Mirembe?

Umefanya vizuri kuuliza. Uchovu wa mavuno ukipumzika siku kadhaa unapungua, lakini huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikipita wiki mbili hiyo tunaiangalia kama sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Haujali kama ghala limejaa. Anzia kituo cha afya cha karibu, eleza kama ulivyonieleza, wengi wanatibiwa huko huko kwa maongezi na dawa wakaendelea na kazi zao. Wakikupa rufaa ya Mirembe basi nenda, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na watu wanatoka mikoa ya mbali kuifuata wakati sisi tulio jirani nayo tumeifanya tusi la kutaniana. Lakini kama mawazo ya kujidhuru yameanza kuja, usisubiri Jumatatu, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii na akusindikize hospitali yoyote, hata usiku.

Mi dereva boda, kikohozi cha vumbi hakiishi. Nipate dawa gani?

Kimefika wiki mbili? Usinunue dawa ya kikohozi tena, nenda ukapimwe makohozi kama ni kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure. Kama hakijafika, vaa barakoa na koti la kufunga kifua, na kama unavuta sigara basi vumbi unalisingizia tu.